Maswali ya Wasomaji: Kiwiko Kilichokakamaa na Gango la Kukirudishia Mwendo

Barua nyingi tulizopokea zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: plasta imetolewa, mfupa umeunga, lakini kiwiko hakikunjiki wala hakinyooki, na mgonjwa amekabidhiwa gango (kifaa kigumu kinachofungwa mkononi kwa mikanda) lenye bawaba akaambiwa aende kulitumia nyumbani. Majibu yetu yanamhusu yule ambaye daktari wake ameshaona eksrei na kusema mfupa umeshika na kiungo kimetulia. Kama hujafika hapo, gango la kuvuta bado si lako, hata kama umekopeshwa na mtu aliyepona nalo.

Katika majibu yote tunahesabu hivi: mkono ulionyooka kabisa ni nyuzi 0, uliokunjwa pembe mraba ni nyuzi 90, na kiwiko kizima cha mtu mzima hukunjika hadi karibu nyuzi 145.

SWALI: Nikaze skrubu kiasi gani?

*Habari za kazi. Nilivunjika kiwiko, nikakaa na plasta wiki 5. Sasa nikikunja mkono unaishia nyuzi 95, nikiunyoosha unagoma kwenye 45. Nimepewa gango la skrubu, nikaambiwa nusu saa mara 3 kwa siku. Sikuambiwa nikaze hadi wapi, na naogopa kuvunja tena. – Fundi rangi*

Pole sana, ndugu. Kwanza ujue kilichokushika, maana asiyekijua hukaza kwa hasira. Kiwiko kikiumia hujaa majimaji na damu. Kifuko kinachokizunguka kiungo kina nafasi kubwa zaidi pale mkono unapokuwa kwenye nyuzi 80 hivi, ndiyo maana kila mwenye kiwiko kilichovimba huubeba mkono wake nusu-kunjwa bila kufundishwa na mtu. Ukikaa hapo wiki kadhaa, kifuko hunenepa, hujikunyata na kugeuka kama ngozi ya kiatu iliyolowa ikakaukia juani. Isitoshe, msuli mkubwa wa mbele ya kiwiko umelala moja kwa moja juu ya kifuko hicho, na jeraha likipona huwagandisha pamoja.

Ngozi ya kiatu hailainiki kwa kuvutwa ghafla. Huchanika, ikapona kwa kovu nene kuliko la kwanza. Hulainika ikivutwa kidogo na kushikiliwa hapo kwa muda. Gango lako limetengenezwa kwa kazi hiyo tu: kushikilia. Kwa hiyo ukihesabu maumivu kutoka 0 hadi 10, mvutano wako uwe 2 au 3. Ukifika 5 umeshapita, kwa sababu misuli huanza kujikaza kujilinda, na hapo skrubu inapigana na misuli yako badala ya kuvuta kifuko.

Kikao kimoja kiende hivi. Anza kwa kupasha kiwiko moto dakika 10 hadi 15 kwa taulo lililoloweshwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa. Jaribu joto kwanza kwa mkono mzima (usioumia), kwa kuwa ngozi yenye kovu huwa haihisi vizuri na huungua kimyakimya. (Bamba na skrubu zilizo ndani ya mfupa hazizuii taulo la moto. Zinazuia mashine za mawimbi ya umeme zinazopasha joto kwa ndani, na mtaalamu wa viungo aambiwe mapema kwamba una chuma.) Kisha kunja na kunyoosha mwenyewe mara 10, bila gango, uone leo mkono unaishia wapi.

Sasa vaa gango huku skrubu ikiwa imelegea na kiwiko kikiwa pale kinapostarehe, si kwenye mwisho wake. Funga mikanda, kisha zungusha kitasa cha skrubu taratibu mpaka uhisi kuvutwa. Acha. Subiri dakika 5. Utaona ile hali ya kuvutwa inafifia yenyewe ingawa hujagusa kitu; hiyo ndiyo dalili kwamba kifuko kimeanza kutii. Ongeza mzunguko mdogo, nyuzi 1 au 2, mpaka mvutano urudi kuwa 2 au 3, kisha subiri tena dakika 5. Ukienda hivyo hadi nusu saa utakuwa umeongeza mara 5. Kama mvutano haukufifia, usiongeze. Baki hapo hapo, wala usione umepoteza kikao.

Ukimaliza, legeza skrubu polepole, kwa sababu ukifungua ghafla kiungo kilichovutwa nusu saa kinauma kama kimepigwa. Vua gango, kisha papo hapo fanya mwenyewe mwendo ule ule uliokuwa ukiutafuta, mara 10 hadi 15, ukishikilia mwishoni sekunde 5. Wengi huiruka hatua hii, nasi tunaihesabu kuwa sawa na kikao chenyewe: nyuzi ulizopewa na gango zikikosa msuli wa kuzishika, kesho asubuhi hazipo.

Siku 2 au 3 za mwanzo fanya kikao kimoja tu kwa siku, halafu viwili, halafu vitatu. Kila kikao kiwe cha upande mmoja: ama kukunja, ama kunyoosha. Magango mengi skrubu moja hufanya kazi zote mbili, basi kabla ya kuvaa izungushe mkononi uone upande upi unakunja. Kwako tungetoa vikao viwili vya kukunja na kimoja cha kunyoosha. Kazi nyingi za kila siku hufanyika kati ya nyuzi 30 na 130. Asiyenyoosha vizuri anaweza kusogea hatua moja karibu na ukuta akapaka rangi. Asiyekunja hafikishi kijiko mdomoni wala simu sikioni, na mwili hauna njia ya kufidia hilo.

Kipimo cha kujua umezidisha ni siku inayofuata. Maumivu ya kikao yatulie ndani ya saa moja. Ukiamka kiwiko kimevimba, kina joto, na kimerudi nyuma kuliko jana, punguza: pumzika siku moja, kisha rudi kwa nusu ya mvutano.

SWALI: Springi au skrubu?

*Mwenzangu alipewa gango la springi analolala nalo, mimi nimepewa la skrubu. Lipi lina nguvu zaidi?*

Nguvu si kigezo. Gango la springi husukuma kwa nguvu ileile muda wote na kiungo hulifuata polepole, ndiyo maana huvaliwa saa nyingi, mara nyingi usiku. Gango la skrubu hukishika kiungo mahali pamoja na kusubiri kifuko kilegee, ndiyo maana nusu saa hutosha. Hili la skrubu si geni: madaktari wa mifupa wa Marekani walichapisha matokeo yake tangu 1979. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliowagawa wagonjwa 66 kwa bahati nasibu, wengine springi, wengine skrubu, na mwishowe mwendo waliopata haukupishana kwa kiasi cha kuleta tofauti.

Basi chagua lile utakalolivaa kweli. Mwenye usingizi mwepesi hulivua la springi saa nane za usiku, akajidanganya kwamba amelala nalo. Mwenye kazi isiyompa nafasi mchana atashindwa na vikao vitatu vya skrubu. Tofauti moja tu tunaitilia mkazo: springi ya kukunja, usiku kucha, ni hatari kwa mwenye vidole vinavyokufa ganzi. Tutaeleza hapo chini.

SWALI: Mashine inayokunja mkono yenyewe

*Nimeshauriwa nikodi mashine ya umeme inayokunja na kukunjua mkono yenyewe. Ni miezi 4 tangu nivunjike. Itanisaidia?*

Kwa hatua uliyofika, tunakushauri usigharimike. Wazo la mwendo usiokatika lilitokana na kazi ya Robert Salter, daktari wa mifupa wa Toronto, Kanada, aliyelichunguza kwa sungura katika miaka ya 1970. Kwenye kiwiko kazi ya mashine hiyo ni ya siku za mwanzo kabisa baada ya upasuaji: kukamua majimaji yasikae kwenye kifuko. Lakini kifuko kilichokwisha kukakamaa kwa miezi 4 kinataka kushikiliwa mwishoni mwa mwendo, na mashine hiyo ikifika mwishoni hugeuka ikarudi.

SWALI: Gango linateleza na kunichubua

*Nikivaa vizuri, baada ya dakika 10 limeshuka hadi karibu na kifundo cha mkono. Limenichubua upande wa ndani wa kiwiko. Nikikaza mikanda zaidi vidole vinavimba. Nifanyeje?*

Dada, usikaze mikanda zaidi. Gango linaloteleza mara nyingi lina kosa moja, nalo ni bawaba kukaa mahali pasipo pake. Kiwiko chako kina mhimili wake wa kuzungukia. Bawaba isipokuwa sambamba na mhimili huo, kila nyuzi unayokunja inalisukuma gango juu au chini, na msuguano huo huishia kwenye ngozi.

Utafute mhimili hivi. Kunja mkono kadiri unavyoweza kuelekea nyuzi 90. Papasa upande wa nje wa kiwiko utakuta kifundo cha mfupa kilichotokeza. Weka alama ya kalamu juu yake. Katikati ya msumari wa bawaba ikae mkabala na alama hiyo. Ukishafunga mikanda, chora mstari mwembamba kwenye ngozi kando ya ukingo wa kombe la kigasha (kipande cha gango kinachokumbatia mkono chini ya kiwiko), kisha kunja na kunyoosha mara 5. Ukingo ukihama zaidi ya sentimita 1 kutoka kwenye mstari, bawaba haijakaa. Isogeze nusu sentimita, ujaribu tena. Inachosha, lakini ukishapata mahali pake weka alama kwenye mikanda yenyewe, na hutahangaika kila siku.

Mikanda ifungwe kuanzia iliyo karibu na kiwiko, ya juu na ya chini, kisha ya mbali. Kidole kimoja kipite chini ya kila mkanda. Ndani vaa soksi ya pamba isiyo na mshono, uivute isibaki hata kunjo moja, kwani kunjo dogo chini ya mkanda kwa nusu saa huacha mchubuko mfano wa kiboko.

Kuhusu upande wa ndani uliochubuka: usiweke sponji juu ya mfupa uliotokeza. Ni kosa la huruma, maana sponji huongeza unene palepale panapobanwa. Kata sponji mfano wa pete, tundu lake likizunguka mfupa, ili uzito ubebwe na nyama ya pembeni. Hilo ni muhimu zaidi upande wa ndani kwa kuwa nyuma ya mfupa huo hupita neva (mshipa wa fahamu). Ngozi ikiwa imefunguka, simamisha vikao hadi ifunge. Ikiwa ni wekundu tu, tazama saa: ukipotea ndani ya dakika 20 hadi 30 hauna neno, ukidumu zaidi ya hapo kombe lirekebishwe na aliyelitengeneza.

Na jambo ambalo wengi hawaambiwi: plastiki ya magango mengi hulainika kwa maji ya moto, ndivyo inavyotengenezwa. Usiianike juani, usiiache ndani ya gari lililofungwa, usiioshe kwa maji ya moto. Likipinda kidogo tu, bawaba imepotea.

SWALI: Kidole cha mwisho na cha pete vinakufa ganzi

*Nikifika nyuzi 110 kidole kidogo na cha pete vinachomachoma. Niendelee kuvumilia?*

Hapana, usivumilie. Neva inayohudumia vidole hivyo viwili hupita nyuma ya mfupa wa ndani wa kiwiko, na kila unapokunja njia yake hubana na neva yenyewe hunyooshwa. Simamisha vikao vya kukunja leo. Endelea na vya kunyoosha tu, na usiku usilale mkono ukiwa umekunjwa. Taulo lililozungushwa mbele ya kiwiko na kufungwa kwa bendeji legevu litauzuia.

Ganzi ikiisha muda mfupi baada ya kulegeza, mweleze daktari wako katika ziara ijayo ya karibu. Ikibaki zaidi ya saa moja, au ukishindwa kubana karatasi kati ya dole gumba na kidole cha shahada, au ukaona nyama ya kiganja inapungua, usingoje ziara: nenda siku hizo hizo. Kuna wenye kiwiko kilichokakamaa ambao neva yao lazima ifunguliwe nafasi kwa upasuaji kabla ya kukunja zaidi, na gango kwao huharibu.

Tofautisha na dharura. Kiganja chote kikiwa baridi na cheupe, au maumivu makali ya kigasha yasiyotulia baada ya kuvua kila kitu, au kunyoosha vidole kukaleta maumivu yasiyovumilika, basi ni hospitali saa hiyo hiyo.

SWALI: Mjomba anamvuta mtoto mkono

*Mwanangu wa miaka 6 alivunjika juu kidogo ya kiwiko. Plasta imetolewa wiki 3 zilizopita, mkono haunyooki. Mjomba wake anamkanda kwa mafuta ya moto na kuuvuta kila jioni mtoto akilia. Namheshimu sana kaka yangu, ila roho inaniuma. Je, nimtafutie gango?*

Mama, roho yako imekuambia kweli. Kuvuta huko kusimame leo. Mwambie kaka yako kwa upole, ikibidi msomee aya hii: kiwiko kilichoumia kikilazimishwa, misuli ya mbele huchanika na kuvuja damu ndani, na damu hiyo inaweza kugeuka mfupa katikati ya nyama. Hapo kiwiko hufungwa na mfupa mpya, na huo haukandiki. Hatari hii ni ya mtoto na mtu mzima pia.

Habari njema ni kwamba mtoto wa umri huo mara nyingi hahitaji gango. Mwache acheze. Mpe mpira mkubwa wa kurusha kwa mikono miwili, ndoo ndogo na kikombe cha kuchota maji, vitu vya kufikia kwenye rafu. Mkono wa mtoto hunyooka kwa matumizi, polepole, na huweza kuchukua miezi kadhaa. Mrudishe kwa daktari wa mifupa kama mwendo unapungua badala ya kuongezeka, au kama mkono umepinda pembeni.

SWALI: Nitajuaje kama napata nafuu?

*Wiki iliyopita nilipimwa nyuzi 108, juzi 104. Nimekata tamaa.*

Usikate tamaa kwa nyuzi 4. Hata mpimaji mzoefu mwenye goniometa (kipimo cha pembe chenye mikono miwili) akipima mara mbili anaweza kupishana nyuzi kama 5. Chini ya hapo usihesabu kuwa umepanda wala umeshuka.

Pima mara moja kwa wiki, siku ileile, saa ileile, kabla ya kupasha moto na kabla ya gango. Katikati ya goniometa ikae kwenye kile kifundo cha mfupa cha nje, mkono wake mmoja uelekee ncha ya mfupa wa bega, mwingine mfupa wa kifundo cha mkono upande wa dole gumba. Huna goniometa? Kwa kukunja, pima kwa futi kamba sentimita kati ya ncha ya dole gumba na ncha ya bega la upande huohuo. Kwa kunyoosha, simama mgongo ukigusa ukuta, mkono wa juu nao uguse ukuta, kiganja kitazame mbele, kisha pima nafasi kati ya kifundo cha mkono na ukuta. Sentimita zikipungua wiki hadi wiki, unasonga. Wiki za mwanzo huleta nyuzi nyingi, baadaye huja mojamoja, na nafuu inaweza kuendelea hadi mwaka.

SWALI: Nguvu zianze lini, na kwa uzito gani?

*Mwendo umerudi kiasi, 25 hadi 120, lakini siwezi kubeba hata sufuria. Mkono umekonda. Nianzie wapi? – Mpishi*

Umefika mahali pazuri pa kuanzia, bora tu daktari aliyekutibu aseme hakuna katazo. Makatazo mawili ni ya kawaida: aliyeshonewa kano ya msuli wa mbele hanyanyui mpaka aruhusiwe, na uzito mkubwa kwa kawaida hungoja kama wiki 12; naye aliyefungwa nyaya au bamba kwenye ncha ya nyuma ya kiwiko hajisukumi kuinuka kitini kwa mkono huo mpaka mfupa ushike.

Anza bila kusogeza kiungo. Mkono nyuzi 90, kiganja juu, mkono mzima ukizuia kifundo kwa juu. Sukuma juu kwa nusu ya nguvu zako, shikilia sekunde 6 hadi 10, legeza. Mara 10. Kisha geuza: mkono mzima uzuie kwa chini, sukuma kuelekea chini, mara 10. Fanya hivyo kila siku kwa wiki moja au mbili.

Halafu uzito. Chupa ya nusu lita iliyojaa maji ni nusu kilo, haihitaji kununuliwa. Simama mgongo na nyuma ya mkono wa juu vikigusa ukuta, kwa sababu bila ukuta bega litapanda na kiuno kitarudi nyuma kukufanyia kazi, nawe utadhani ni kiwiko. Inua kwa sekunde 2, shusha kwa sekunde 4. Mara 10, raundi 3, kupumzika dakika moja au mbili katikati, siku 3 kwa wiki zikipishana. Ukiweza mara 15 katika raundi zote, vipindi viwili mfululizo, bila maumivu asubuhi yake, ongeza nusu kilo. Kule kushusha polepole usikuharakishe. Ndiko kunakojenga, na ndiko sufuria inakokutoka mkononi.

Msuli wa nyuma husahaulika, na ndio unaokushikia mwendo wa kunyoosha uliouhangaikia. Lala chali, mkono wa juu uelekee darini, kunja kiwiko chupa ishuke kando ya sikio, kisha nyoosha. Ukipenda mpira wa kuvuta wa mazoezi, kumbuka mpira huongeza nguvu kadiri unavyovutika, hivyo mwishoni mwa mwendo ndiko kugumu zaidi. Anza ukiwa na ulegevu. Ukague nyufa kila siku, na ufunge kwenye mlango uliofungwa ambao hauwezi kufungukia upande wako.

Kwa mpishi kuna la tatu: kugeuza kiganja, maana ndiko kunakomimina sufuria na kukoroga. Shika nyundo, kiwiko kikibana mbavu, nyuzi 90. Shika karibu na kichwa cha nyundo kwanza. Geuza polepole kiganja juu, kisha chini, mara 10. Kila wiki teremsha mkono sentimita 2 au 3 kwenye mpini. Nyundo ni ileile lakini uzito unaosikia unazidi, na unaweza kuuongeza kidogokidogo kuliko kwa chupa yoyote.

Usiache gango wakati huu. Uvae baada ya mazoezi ya nguvu, siyo kabla, kwa kuwa msuli uliochoka huvutika kwa utulivu zaidi.

SWALI: Mama amepata kiharusi

*Kiwiko cha mama kimejikunja tangu apate kiharusi miezi 5 iliyopita. Je, gango kama hayo yatafaa?*

Ugonjwa ni mwingine, ingawa kiwiko kinaonekana vilevile. Kwa mama kifuko hakikuumia. Ni ubongo unaoiamuru misuli ijikaze. Ukivuta haraka, misuli hujibu kwa kukaza zaidi. Kunyoosha tu, kwa gango au kwa mkono, huleta faida ndogo. Kinachosaidia zaidi ni kuutumia mkono mara nyingi sana: mkono juu ya taulo mezani, asukume mbele na kurudisha, mara 20 hadi 30, kisha apumzike, tena na tena kutwa nzima. Mwulize daktari kuhusu dawa na sindano za kulegeza misuli. Vipo vifaa vinavyosoma ishara ya msuli kwenye ngozi na kumalizia mwendo kwa mota. Hivyo hufaa kama msuli bado unatoa ishara, hata ndogo, na hilo hupimwa kabla ya kununua.

Unapomnyoosha, shika mkono wa juu karibu na bega kwa mkono wako mmoja na kigasha kwa mwingine, polepole. Usimvute kwa kiganja hata unapomsaidia kuinuka, kwa kuwa bega la upande uliolemaa hutoka kirahisi. Osha na kausha kunjo la mbele ya kiwiko kila siku.

SWALI: Niache lini?

*Nina miezi 7 na gango. Mwezi na nusu sasa namba haibadiliki: 35 hadi 125. Nifanye nini?*

Kwanza sikiliza mwisho wa mwendo unavyojibu. Kunja hadi mwisho, kisha sukuma kidogo sana kwa mkono mwingine. Ukihisi kama unasukuma mpira mgumu unaorudisha, bado ni kifuko na misuli. Ukihisi kama mlango umegonga jiwe, huenda ni mfupa, na hapo hakuna skrubu itakayosaidia: omba eksrei mpya, mweleze daktari kwamba kinagota. Miezi 6 na zaidi ya gango, namba ikiwa imesimama, ndio wakati ambao wataalamu huanza kuzungumzia upasuaji wa kufungua kiungo. Kwa mwendo wako wa nyuzi 90 tungetafakari sana kabla ya kuukubali, kwani uko karibu na kile ambacho kazi nyingi hutaka, na baada ya upasuaji gango hurudi tangu siku za mwanzo, kwa miezi mingine.

Ukiamua kubaki hapo, usitupe gango kwa siku moja. Toa kikao kimoja, pima baada ya wiki 2. Namba ikisimama, toa cha pili, pima tena baada ya wiki 2. Ikishuka zaidi ya nyuzi 5, rudisha kikao ulichotoa mwisho, kaa nacho mwezi, ndipo ujaribu upya. Wengine hubaki na kikao kimoja cha jioni kwa miezi kadhaa. Wakati wa kupumzisha gango kabatini ni pale utakapopima mara 3, wiki 2 kati ya kila kipimo, bila kikao chochote, na mkono ukawa bado unaishia palepale.